Bunduki ya Mzee Mwinshehe na Mtutu Nilioubadilisha

Tangu nirudi, kila anayepita dukani ananiuliza ilikuwaje fundi wa bunduki wa kukaa kwenye stuli akaonekana Mlandizi na matope hadi magotini, akikimbia nyuma ya mke wa mtu. Wengine wamesikia nilifungwa Kongowe. Wengine wamesikia nimeua kiboko. Kiboko sikumwona hata mkia. Kongowe nilishikwa, lakini sikufungwa. Nimeona bora niandike mara moja, mpeane msome, nami niendelee na kazi.

Mzee Mwinshehe wa Msimbu, mwindaji, alileta dukani bunduki yake kubwa. Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu kwa ndani, risasi haziendi anakozielekeza. Stoo tulikuwa na bunduki nyingine ya aina ileile iliyokanyagwa na lori: mwili wake umepinda lakini mtutu mzima. Tajiri wetu alikuwa safarini Tanga, na mzee alikuwa na haraka, kwa sababu watu wa mto Ruvu, upande wa Mlandizi, walikuwa wamemwita awaondolee kiboko aliyekuwa akimaliza mpunga wao na ambaye alikwisha kumvunja mtu mguu. Nikafungua mtutu mbovu, nikafunga ule mzima. Nikauzungusha, ukaingia kwenye hesi zake vizuri. Nikatia risasi, nikasukuma bolti, ikafunga laini bila kukwama popote. Mzee akashukuru, akaenda zake.

Tajiri akarudi Jumatatu, nikamweleza kwa furaha.

"Ulipima?" akaniuliza.

"Bolti imefunga vizuri, bwana."

"Mlango mdogo kuliko fremu nao unafunga, Athumani. Unafunga vizuri sana. Nakuuliza, ulipima?"

Sikuwa nimepima. Kwa asiyejua kazi hii: risasi ikiwa ndani ya bunduki, bolti huizuia kwa nyuma. Kati ya kitako cha risasi na uso wa bolti hutakiwa ibaki nafasi ndogo mno, ndogo kuliko unene wa karatasi. Kila mtutu umechongwa ulingane na mwili wake na bolti yake. Ukiuhamishia mwili mwingine, hata kama bunduki zote mbili ni za kiwanda kimoja, nafasi ile haibaki ilivyokuwa. Ikizidi, risasi inapolipuka ganda la shaba husukumwa nyuma, huvutika, na huweza kukatika karibu na kitako. Hapo moto uliopaswa kwenda mbele hurudi usoni kwa mpigaji. Huenda ikatokea risasi ya kwanza, huenda ya kumi. Ndiyo maana tuna vipimo viwili vya chuma vilivyochongwa kwa umbo la risasi. Cha kwanza bolti lazima ikikubali. Cha pili lazima ikikatae.

Tajiri hakupiga kelele. Alifungua droo, akavifunga vipimo vyote viwili kwenye kitambaa, akanipa.

"Ifuate," akasema.

Dar es Salaam hadi Kisarawe

Nilipata lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu. Tulikuwa watu saba nyuma, tumekalia magunia. Mvua za masika zilikuwa zinaishia, na kule kwenye mlima wa Pugu gari likaingia kwenye utelezi likakaa hapo kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Tulikata matawi tukatandika chini ya magurudumu. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha machungwa alitugawia yote bila kuombwa, akasema yataoza tu kwa namna safari inavyokwenda.

Dereva aliniuliza naenda kufanya nini Msimbu.

"Kuna kitu mzee mmoja alisahau dukani," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na niliurudia kwa kila aliyeniuliza. Nilikuwa naona haya. Fundi wa miaka tisa huwezi kumwambia dereva wa mkaa kwamba umemkabidhi mtu bunduki ambayo hukuipima. Tulifika Kisarawe jua linazama, nikalala kwa binamu yangu, naye nikamwambia hivyohivyo.

Kisarawe hadi Msimbu

Jumatano nilitembea. Njia ni nzuri, inapita kwenye mikorosho na mashamba ya muhogo, na asubuhi hiyo hapakuwa na mvua. Nilifika Msimbu kabla ya adhuhuri, nikaelekezwa kwa Mzee Mwinshehe. Nyumbani nilimkuta mkewe, Bi Tatu, mama wa makamo, mrefu, anamenya muhogo uani. Majirani wawili walikuwa wamekaa naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Naitwa Athumani, natoka Dar es Salaam. Namtafuta mzee. Nimetumwa kuhusu ile bunduki yake. Nataka niichukue."

Wale majirani wakatazamana. Bi Tatu aliendelea kumenya muhogo wake.

"Uichukue uipeleke wapi?"

"Mjini. Ina shauri kidogo."

Sasa ninyi mnaosoma mnaona kosa langu. Mimi siku ile sikuliona. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaki na mkoba wa ngozi begani. Baadaye niliambiwa kwamba wiki mbili nyuma walikuja watu wawili wa namna hiyohiyo wakakusanya magobore ya kijiji kizima, wakaondoka nayo, mpaka leo hayajarudi.

Bi Tatu alinikaribisha chakula. Alinipikia bada, huo ugali wa muhogo, kwa kisamvu kilichotiwa tui zito, nikala mpaka nikaona aibu. Nilipomaliza kunawa aliniambia mumewe ameelekea njia ya Maneromango, kuna nguruwe wanasumbua huko, nikifika Masaki niulize.

"Mbona yeye alisema anakwenda Ruvu, kwa kiboko?" nikauliza.

"Alibadili," akasema. "Wanaume hubadili."

Nikashukuru, nikaondoka.

Njia ya Maneromango

Nilitembea mchana kutwa. Masaki hakuna aliyemwona Mzee Mwinshehe. Mtu mmoja alisema amemwona, lakini nilipomhoji ikawa amemwona mwaka jana. Nikalala kwenye kibaraza cha duka, na alfajiri nikaendelea mbele mpaka nikakutana na mwalimu mmoja wa misheni, kijana mwenye baiskeli, anatoka Maneromango kwenda Kisarawe.

"Mwinshehe yule mwindaji?" akasema. "Huku hayuko. Angekuja tungejua, watoto wangetoroka shule kumfuata. Na nguruwe wenyewe huku wametulia. Nani kakwambia?"

"Mkewe."

Mwalimu akanitazama, akatazama mkoba wangu.

"Wewe ni mtu wa serikali?"

"Hapana. Mimi ni fundi."

"Ulimwambia wewe ni fundi?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilimwambia jina, nilimwambia natoka mjini, nilimwambia nataka kuchukua bunduki. Sikumwambia mimi ni fundi.

Mwalimu akanipakia nyuma ya baiskeli. Penye vilima tulishuka tukasukuma. Alikuwa mtu mcheshi, akanieleza habari za wanafunzi wake, lakini mimi nilikuwa nahesabu siku. Leo Alhamisi. Mzee alitoka dukani Ijumaa iliyopita.

Msimbu hadi Kongowe

Bi Tatu aliponiona naingia uani mara ya pili alisimama na mwiko mkononi.

"Hukumkuta?"

"Mama," nikasema, na safari hii sikukaa, "mimi ndiye fundi niliyembadilishia mzee mtutu. Nilikosea. Sikupima. Bunduki ile akiipiga inaweza kumlipukia usoni. Sikuja kuinyang'anya. Nimekuja kumzuia asiipige."

Akauweka ule mwiko juu ya chungu.

"Kwa nini hukusema hivyo jana?"

"Niliona haya."

"Uliona haya," akasema. "Ukanilia bada langu, ukaona haya."

Akaingia ndani. Nilidhani ameondoka kwa hasira. Akatoka amejifunga khanga ya pili kiunoni, ana kibuyu cha maji na kifurushi cha muhogo wa kuchemsha. Akamwita jirani amwangalilie kuku.

"Mume wangu yuko Ruvu," akasema. "Hakubadili kitu. Twende, kuna njia ya mkato mpaka Kongowe. Wewe peke yako hutaijua."

Njia hiyo inapita msituni na inakata reli, na sitaki kuipita tena. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka ishirini na alikuwa mbele wakati wote. Kila nikisema tupumzike ananipa kipande cha muhogo nile nikiwa natembea. Hakunisemesha sana. Mara moja tu, tulipokaa kwenye tuta la reli kutoa miba miguuni, aliniuliza:

"Ikilipuka, inafanya nini hasa?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi siku moja niliyokupoteza mimi ni siku moja ya kupiga," akasema. Akanyanyuka, tukaendelea.

Tulilala kwenye kijiji kimoja kwa shangazi yake, na Ijumaa asubuhi tukatokea Kongowe, kwenye barabara kubwa ya Morogoro.

Kongowe

Hapa ndipo niliposhikwa. Tulikaa kwa mama mmoja muuza chai kusubiri gari. Nikafungua mkoba nitafute leso, kile kitambaa kikafunguka, vipimo vikabingirika chini. Karibu nasi alikuwa amekaa tarishi wa jumbe, na vipimo vile, kama nilivyosema, vina umbo la risasi.

"Risasi!" akasema, akasimama na kikombe chake. "Unazo risasi! Bunduki iko wapi?"

"Si risasi, ni vipimo."

"Vipimo vya nini?"

"Vya bunduki."

"Kwa hiyo bunduki ipo!"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Watu wakakusanyika. Akasema twende kwa jumbe, na jumbe yuko shambani, atarudi jioni. Lori la kwanza la kwenda Mlandizi likapita, nikaliangalia linakwenda. Likapita la pili.

Bi Tatu alikuwa anakunywa chai yake. Akaweka kikombe chini, akaokota kipimo kimoja, akamwuliza yule tarishi:

"Risasi ikitiwa motoni inafanyaje?"

"Inalipuka."

Akakitupa kwenye jiko la mama wa chai.

Sijawahi kuona watu wakitawanyika hivyo. Tarishi aliruka uzio. Mama wa chai alikwenda mpaka ng'ambo ya barabara na sufuria yake. Tulibaki wawili, Bi Tatu na mimi, mimi nikilia moyoni, kwa sababu kipimo kile ni chuma kilichokomazwa na kuchongwa kwa makini, moto unakiharibu kabisa. Nilikichokoa kwa vijiti, kimeshageuka rangi ya bluu. Hakikulipuka. Watu walipoona hivyo wakarudi mmoja mmoja, wakaanza kumcheka tarishi, naye kwa kuwa alikuwa ameshaaibika vya kutosha akasema tuondoke.

"Kilikuwa kipi?" Bi Tatu aliniuliza.

"Cha kwanza."

"Unakihitaji?"

"Cha pili ndicho kitakachosema ukweli."

"Basi," akasema.

Kongowe hadi Mlandizi

Gari la tatu lilikuwa la mtu wa mkonge, likatupakia. Safari ni fupi, lakini daraja dogo moja lilikuwa limefunikwa na maji na tukasubiri yapungue. Abiria walishuka wakakoka moto, mtu akatoa mahindi mabichi, tukachoma. Dereva aliamini mimi ni mtoto wa Bi Tatu na akanisifu kwa kumsindikiza mama yangu. Hakuna kati yetu aliyemsahihisha.

Tuliingia Mlandizi jioni. Tukauliza habari za mwindaji. Wakatuambia yupo, amekaa siku nne anamwinda kiboko, hajapata nafasi ya kupiga. Bi Tatu akamkata kauli aliyesema.

"Hajapiga hata moja?"

"Hata moja. Kiboko mjanja huyo. Ila leo wameona njia anayopitia. Kesho asubuhi mzee atamngoja."

Tulitaka kwenda usiku uleule. Wakatukatalia: mashamba yamejaa maji, na kiboko mwenyewe ndio wakati wake wa kuzunguka. Tukangoja. Walituletea wali na kambale wa mto, samaki mnono, na sote wawili tukaacha sahani nusu.

Ruvu

Tuliondoka kabla jua halijatoka, na mtu wa kutuongoza. Tulipita juu ya matuta ya mpunga, moja baada ya jingine, tunateleza, tunaingia majini, tunatoka. Nilikuwa nimeshaona moshi wa kibanda cha walinzi wa shamba, kiasi cha kumfikia mtu kwa sauti, pale niliposikia mlio.

Mwenzetu akashangilia. "Kapatikana! Nyama leo!"

Mimi nilisimama. Bi Tatu aliniangalia usoni, kisha akaanza kukimbia.

Mzee Mwinshehe alikuwa amekaa juu ya tuta, amejishika uso kwa mikono yote miwili. Bunduki ilikuwa kwenye matope pembeni. Watu walikuwa wamemzunguka, hawajui la kufanya. Bi Tatu aliitoa mikono ile usoni. Shavu la kulia lilikuwa limetoboka madoamadoa meusi ya baruti, nyusi zimeungua, na jicho limefumba limevimba. Aliomba maji safi, akaanza kulisafisha taratibu.

"Nani huyo mwingine?" mzee akauliza.

"Ni mimi, mzee. Athumani, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Nimeifuata bunduki. Sikuipima."

Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Leo Jumamosi."

"Nilipotea njia, mzee."

Bi Tatu akaacha kusafisha.

"Hakupotea," akasema. "Nilimpoteza mimi. Alikuja Jumatano, nikadhani amekuja kukunyang'anya, nikamwelekeza Masaki."



"Basi mmenipiga wawili," mzee akasema. Kisha akamgeuzia mkewe shavu ili aendelee.

Niliiokota bunduki, nikavuta bolti. Kilitoka kitako cha ganda tu. Sehemu ya mbele ilikuwa imebaki ndani ya mtutu, ganda limekatika mduara kamili karibu na kitako. Nilichonga kijiti kinene, nikakikaza ndani ya nusu ile, nikaitoa. Kisha nikasafisha, nikatia kipimo cha pili, kile ambacho bolti inapaswa kukikataa, nikasukuma. Bolti ikashuka mpaka mwisho, laini, kama ilivyoshuka dukani. Nilimshikisha mzee mkono wake kwenye bolti, aisikie mwenyewe. Aliifungua na kuifunga mara tatu.

"Inafunga vizuri," akasema.

"Ndiyo, mzee. Ndilo kosa lenyewe."

Kurudi

Mlandizi dresa, msaidizi wa tabibu, alimfunga jicho, na mwenye lori akatupa nafasi mbele kwa ajili yake, mimi na bunduki tukakaa nyuma. Hospitali ya Dar es Salaam alikaa siku kumi na mbili. Jicho halikupofuka, lakini mpaka leo kwa jicho hilo anaona ukungu, na daktari hakumwahidi kitu. Kiboko alipigwa baadaye na askari wa Bwana Nyama, yule ofisa wa serikali wa wanyama. Wakati huo alikuwa amemaliza mashamba mengine mawili, na wenye mashamba hayo siwajui hata majina, ingawa nawafikiria.

Bunduki tuliitengeneza pamoja na tajiri. Tuliukereza mtutu kwenye mashine, tukaurudisha nyuma kidogo kidogo, tukachonga upya mahali pa risasi, tunapima, tunafungua, tunapima, kwa vipimo vilivyoazimwa. Ilichukua siku nne. Nilipofika mwisho bolti ilikikubali cha kwanza na ikakikataa cha pili, nami nikamwita tajiri, naye akapima, kisha nikapima tena.

Tulikwenda kuijaribu kwenye shimo la mchanga nje ya mji. Mzee Mwinshehe na Bi Tatu walikuja. Tajiri aliifunga bunduki kwenye tairi kuukuu, akaivuta kwa kamba kutoka mbali, risasi tatu. Maganda yote matatu yalitoka mazima. Alianza kuifungua aifute.

"Bado," mzee akasema. "Kamba haina macho. Apige huyu."

Tajiri akanitazama. Nikaichukua, nikalala juu ya mchanga, nikaweka shavu langu la kulia kwenye mti wa bunduki. Sitawadanganya, nilikaa hapo zaidi ya ilivyohitajika. Hakuna aliyenihimiza. Nikapiga.

Mzee alilipokea ganda lingali na moto, akaligeuzageuza mbele ya jicho lake zima, asiridhike, akampa mkewe. Bi Tatu alipitisha ukucha wake polepole kuzunguka kitako, mara mbili.

"Zima," akasema.

Mzee akaomba bunduki, na risasi moja kutoka kwenye kasha aliloshika mkewe. Akaiweka bega la kulia, akaangalia kwa jicho la ukungu, akashusha. Akaihamishia bega la kushoto, ambako hajawahi kuiweka maisha yake yote, akahangaika kutafuta mahali pa mkono, akapiga. Alikosa kibao cha shabaha kwa zaidi ya urefu wa mkono.

Akafungua bolti, akamnyooshea Bi Tatu kiganja.

"Lete nyingine," akasema.